Siku Nilizomfichia Mjukuu Wangu Viatu vya Mbio

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, tulieni kwanza. Najua mnaweza kusoma huku mnafanya mambo mengine matatu, lakini mimi siwezi kuongea na mtu anayeangalia kwingine. Nilisoma hadi darasa la tatu, nikatolewa shule kwenda kulea wadogo zangu, kwa hivyo maneno yangu hayana mapambo. Nataka kuwaambia kuhusu mjukuu wangu anayekimbia, na kosa nililomfanyia nikidhani namponya. Yeye amenipa ruhusa. Alisema, "Andika, Shosho, lakini usinifanye malaika." Sitamfanya malaika. Nitasema nilichoona.

Nilizaliwa upande wa Meru, nikaolewa huku Embu, juu ya Kianjokoma, mahali ambapo mashamba ya majani chai yanakaribia kugusana na msitu. Kabla ya kuolewa nilibeba ndizi na viazi kutoka kwetu hadi soko la Gakoromone, mzigo ukiwa mgongoni na mkanda wake ukipita kwenye paji la uso. Mkanda huo uliniachia bonde hapa juu ya nyusi. Nilipokuwa na miaka thelathini watu wa sokoni walikuwa wakiniita mama mzee, na hawakuwa wakiniheshimu, walikuwa wakisema walichoona. Kwa hivyo habari ya mtu kuzeeka kabla ya siku zake sikuhitaji kuambiwa na daktari. Nilichohitaji kuambiwa ni kwamba uko mzigo usioacha alama.

Mjukuu ninayemsema ni binti wa kwanza wa mwanangu wa kwanza. Kwa desturi yetu yeye ndiye aliyepewa jina langu. Watu huku hawasemi amefanana na mimi, wanasema ndiye mimi. Nami nimeishi hivyo. Akishinda, natembea sokoni kama niliyeshinda. Akiumwa, najishika mwili nione ni wapi.

Alipokuwa mdogo nilikuwa nikimtuma wakati tunachuma majani chai. Kazi yake ilikuwa kwenda kuangalia kama lori limefika kwenye kituo cha kununulia, ili tujue kama tuna muda wa kujaza vikapu au tuanze kushuka. Kilima kile mtu mzima anakipanda akishika magoti. Yeye alishuka na kurudi kabla sijamaliza mstari mmoja wa chai, asimame mbele yangu, aseme, "Bado, Shosho," bila kuhema. Siku moja nilimwambia anadanganya, hajafika. Akafungua mkono. Alikuwa amemwomba karani wa kituo kipande cha karatasi chenye muhuri, kwa sababu alijua sitamwamini. Alikuwa na miaka tisa.

Sasa ana miaka ishirini na sita. Anakimbia raundi ishirini na tano za uwanja, na wanaoijua kazi hiyo wanaogopa wakimwona kwenye mstari. Mimi nimeona watu wenye bidii. Nimewahi kuona mwanamke akichuma chai na uchungu wa kujifungua umeshaanza. Lakini mtu wa kujinyima kama mjukuu wangu sijamwona. Wenzake wako harusini, yeye amelala saa mbili usiku. Mvua inanyesha, yeye yuko barabarani. Anapima hata chumvi. Na hajawahi kuniambia anateseka. Ukimuuliza anasema, "Ni kazi, Shosho. Wewe pia ulikuwa ukifanya kazi."

Mwaka huu, mvua ndefu zilipoanza, alikuja nyumbani bila kutuarifu. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na mfuko mmoja. Nilimwona akiwa langoni nikajua kuna neno. Haikuwa kukonda, wakimbiaji wote ni wembamba. Ilikuwa ngozi. Ngozi ya uso ilikuwa imekaa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Na macho yalikuwa yamerudi ndani.

Nilikuwa nimekaa nje ninasuka kikapu cha kiondo, nyuzi za katani zimening'inia pande zote. Akaketi chini karibu na miguu yangu, akashika uzi mmoja.

"Shosho, ukiacha hizi ncha bila kuzifunga, inakuwaje?"

"Zinafumuka. Umetoka huko kote kuja kuniuliza hivyo?"

"Ngoja basi. Kambini walikuja madaktari wakatupima damu, sisi ambao tulikuwa hatulali vizuri. Wakanieleza. Ndani ya mwili kuna vitu vidogo vidogo vinaitwa seli, hata kwa macho huvioni. Ndani ya kila seli kuna nyuzi, ndizo zinazobeba habari zote za mtu. Na ncha za nyuzi hizo zimefungwa ili zisifumuke. Kila seli ikijigawa kutengeneza nyingine, ile ncha inapungua kidogo. Ikipungua sana, seli inachoka, haiwezi kujigawa tena. Hivyo ndivyo mwili unavyozeeka."

"Na zako?"

Akauachilia uzi. "Zangu ni fupi kuliko za wasichana wengi wa umri wangu. Daktari alisema nisijihukumu kwa kipimo kimoja. Lakini silali, na asubuhi moyo wangu unadunda haraka kabla sijainuka kitandani. Akasema mwili umebebeshwa msongo siku nyingi mno."

"Ni hizo mbio."

"Hakusema ni mbio, alisema—"

"Ni mbio," nikamkata. "Nitaambiwa nini mimi kuhusu mwili uliofanyishwa kazi kupita kiasi?"

Akanyamaza. Ndivyo anavyofanya nikipandisha sauti. Hapo nilikosa, na mtaona nilivyokosa.

Alituambia mengine wakati wa chakula. Wiki saba zilikuwa zimebaki hadi mashindano ya kuchagua watakaokimbilia nchi. Kocha wake alikuwa amempa wiki tatu za kupumzika nyumbani. Akirudi bila usingizi na moyo haujatulia, jina lake litatolewa. Na mkimbiaji akitolewa mwaka kama huu, katika umri kama wake, wadogo wanaokuja nyuma hawamngojei.

Mke wa mwanangu, ambaye ndiye mama yake, ana mdomo. Akasema, "Sasa mnashangaa nini? Alipewa jina la mama mkwe, akapewa na umri wake."

Kila mtu akacheka, hata mjukuu wangu. Mimi sikucheka. Msiniulize kwa nini neno la mzaha lilinichoma. Niliona kama ni kweli, kwamba uchovu wangu wa Gakoromone umemfuata kwenye jina.

Kwa hivyo nikaamua kumponya mimi mwenyewe.

Sisi huku tunajua njia moja ya kumrudisha mwanamke ambaye nguvu zimemwisha. Tunamfanyia kama mama aliyejifungua. Haguswi na jembe, hachoti maji, haendi popote. Anakaa karibu na moto na anakula njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, na supu ya mifupa, na uji mzito. Nimelea wanawake kumi na zaidi hivyo, wote waliinuka. Basi nikaenda soko la Kianjokoma nikanunua njahi gunia dogo. Nikamwambia mwenye bucha aniwekee mifupa kila siku ya pili. Na mjukuu wangu alipokuwa akioga, nikachukua viatu vyake vya mbio, jozi zote mbili, nikavitia ndani ya pipa la mahindi na kufunika.

"Shosho, sioni viatu vyangu."

"Huvioni kwa sababu huvihitaji."

"Kocha amesema nikimbie polepole kila asubuhi."

"Kocha yuko hapa?"

"Hayuko."

"Basi kula."

Akala. Sijui ni binti gani mwingine wa umri wake, aliyezunguka dunia kwa ndege, angekubali kufunikwa leso na kuketishwa kwenye kigoda na nyanya yake. Alikubali. Lakini kila asubuhi nilimwona akiweka vidole viwili shingoni, anaangalia saa, anahesabu, anaandika kwenye kitabu chake. Nilingoja uso ufurahi. Siku ya nne haukufurahi. Siku ya saba ulikuwa mbaya zaidi. Nikaongeza njahi.

Kitu ambacho sikukiona, na kilikuwa mbele yangu kama sufuria, ni watu. Walisikia amekuja, wakaanza kuja. Na mimi, kwa sababu nimefundishwa kwamba mgeni hafukuzwi, na pia kwa sababu nilijivuna, niliwakaribisha wote. Walikuja wa kanisa wakitaka awe mgeni wa heshima kwenye harambee ya paa. Walimu wa shule mbili walikuja, kila mmoja akitaka aongee na watoto. Mjomba wake akataka aende naye kwa chifu juu ya mpaka wa shamba, kwa sababu chifu atamsikiliza mtu wa televisheni. Binamu akataka atafutiwe nafasi kambini, na huyo binamu akipanda kwenda msalani anapumzika njiani. Nilichemsha chai mpaka majani yakaisha, na sisi ndio tunaoyalima. Mjukuu wangu alitabasamu na kila mmoja. Wakiondoka, simu ilianza. Akiiweka chini, mwingine alikuwa langoni.

Na kila mmoja akiaga alimwambia jambo lilelile: "Tuko nyuma yako. Usituangushe."

Siku ya kumi, mchana, nikasikia nyimbo zikipanda kutoka kijitoni. Nikatoka. Wanawake kama ishirini walikuwa wanaingia langoni, wamebeba kuni, ndizi, viazi vitamu, na mmoja alikuwa na beseni jipya la bluu kichwani. Mbele yao alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, mwanamke ambaye habari humfikia kabla hazijatokea.

"Tufungulie nyumba!" akasema. "Tupige vigelegele vingapi? Vitano vya mvulana au vitatu vya msichana?"

"Vya mvulana gani?"

"Usitufiche, mama. Umenunua njahi gunia zima. Mwenye bucha amesema mifupa yote ni yako. Msichana hajatoka kukimbia hata siku moja, na ameonekana amefunikwa leso karibu na moto. Sisi hatukuzaliwa jana. Alete mtoto tumwone."

Nilitaka ardhi inimeze. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni na leso yake, bakuli la njahi mkononi. Aliangalia wanawake, akaangalia beseni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mama zangu," akasema, "mtoto ni mimi. Ndiye huyu analishwa."

Walicheka, wengine waliona aibu, jirani yangu akasema beseni halirudi nyumbani, litatumika siku yake ikifika. Tukawapa chai. Nikadhani limeisha. Lakini walipoondoka nilimtafuta mjukuu wangu nikamkuta nyuma ya zizi la ng'ombe, ameinama, mikono juu ya magoti kama mtu aliyemaliza mbio, na machozi yanaanguka chini moja kwa moja. Hakuwa analia kwa sauti.

Asubuhi yake kocha alipiga simu. Mjukuu wangu aliiweka kwa sauti nami nikasikia.

"Nimeambiwa umejifungua. Ni kweli?"

"Kocha, uliniona wiki mbili zilizopita. Nilikuwa na tumbo?"

"Mimi najuaje? Mnavaa jaketi kubwa kubwa."

"Sijajifungua. Shosho alinipikia njahi."

Kocha akakohoa. Nadhani alikuwa anacheka na hataki tusikie. Kisha akauliza moyo wa asubuhi unadunda mara ngapi. Akamwambia. Hapo hakucheka. "Umepanda badala ya kushuka," akasema. "Umekimbia kiasi gani?"

Mjukuu wangu akaniangalia. "Sijakimbia, Kocha."

"Siku kumi?"

"Siku kumi."

"Umebakiwa na siku kumi na moja. Ukirudi hivyo, nitatoa jina lako. Nitalitoa mimi mwenyewe, na utanichukia, lakini sitakuweka uwanjani ukiwa umevunjika."

Mjukuu wangu akazima simu. Mvua ilikuwa imeanza. Nikamwambia anifuate jikoni, nikafunga mlango, nikaketi mbele yake.

"Siku ile ulikuja, daktari alisema nini kuhusu mbio? Ulitaka kuniambia nikakukata."

Akaniangalia aone kama kweli nataka kusikia. "Alisema wakimbiaji wengi, ncha zao ni nzuri kuliko za watu wanaokaa tu. Mbio zikienda na mapumziko, mwili unajirekebisha. Kinachomla mtu ni wasiwasi usioisha, ule ambao hata ukilala umebaki macho. Huo ukiuchanganya na mazoezi makali, ndipo mwili unashindwa kujifunga." Akanisogelea. "Shosho, mbio hazijanizeesha. Nikikimbia ndiyo saa pekee katika siku nzima ambayo hakuna mtu ananiomba kitu."

Na mimi nilikuwa nimemnyang'anya hiyo saa moja, nikaifungia kwenye pipa, halafu nikawafungulia lango wale wengine wote.

"Nionyeshe wanaokuomba," nikasema.

Akatoa kile kitabu chake. Nilidhani ni cha moyo na mbio tu. Kurasa za nyuma zilikuwa zimejaa watu. Kanisa. Shule. Mjomba. Binamu. Vijana wa kijiji wanaotaka mpira na nyavu. Mwanamke wa Kiambere ambaye hajawahi kumwona, aliyeandika kwamba wanaishi karibu na bwawa na hawana maji safi ya kunywa, na je, atawasaidia wachimbe kisima. Hakuwa amemkatalia hata mmoja. Alikuwa ameandika mbele ya kila jina: nikishinda.

"Nikisimama kwenye mstari," akasema, "hawa wote wanasimama na mimi. Wenzangu wanasikia bunduki ya kuanzia. Mimi nasikia hawa."

Nikasoma polepole, maana macho yangu ni ya zamani. Kisha nikauliza swali ambalo sikutaka jibu lake. "Mimi niko humu?"

Akageuza uso.

"Nauliza. Niko?"

"Uko, Shosho."

"Niliomba nini? Sijawahi kukuomba hata sukari."

"Ulisema kabla hujafa ungetaka kuniona nimevaa nguo ya nchi."

"Nilisema mara ngapi?"

"Kila ukinipigia simu."

Nimeishi miaka mingi na nimekosea watu, na wengine nimewaomba msamaha. Lakini sikuwahi kuona dhambi yangu imeandikwa hivyo, kwa herufi nzuri, na mtoto niliyempa jina. Wale wa kanisa waliomba paa. Mimi nilimwekea kifo changu mgongoni akimbie nacho.

Sasa nitawaeleza kitu ambacho nyinyi hamjui kwa sababu mnabebewa na magari. Mzigo wa mkanda mtu hajitui mwenyewe. Ukijaribu, unakuvuta shingo kwa nyuma, unaweza kuvunjika. Lazima mwenzako asimame nyuma yako, aushike kwa mikono miwili, akuambie, "Toa kichwa." Unatoa kichwa chini ya mkanda, mzigo unabaki mikononi mwake, naye anaushusha. Tulikuwa tukifanyiana hivyo njia nzima ya Gakoromone. Kulikuwa na mahali pa kutuana, na mtu aliyefika peke yake alisimama na mzigo wake akingoja, hata kama ni saa nzima.

Nilinyoosha mikono. "Lete simu. Lete na kitabu."

"Shosho, wataudhika."

"Waniudhikie mimi. Nimezoea. Na lile nililosema la nguo ya nchi, lifute."

"Shosho—"

"Chukua kalamu, ulifute nikiona. Nitakufa siku yangu, uwe umevaa nguo ya nchi au gunia."

Akafuta. Akaniwekea simu mkononi lakini vidole vyake havikuiachilia. Nikamwambia, "Toa kichwa." Alijua maana yake, nilikuwa nimemsimulia tangu utoto. Akaachilia. Kisha nikaenda kwenye pipa, nikatoa viatu, nikavikung'uta mahindi yaliyoingia ndani.

Kesho yake alfajiri nilivaa gambuti nikamfuata. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya mazoezi, namwona kwenye televisheni tu, mdogo kama siafu. Nilisimama kwenye kona ya shamba letu, mahali barabara ya udongo mwekundu inapanda kuelekea msitu. Ukungu ulikuwa chini. Nikasikia kabla ya kuona: tap, tap, tap, sauti nyepesi, sawasawa, kama mtu anayepepeta njahi kwenye ungo bila haraka. Akatokea. Mabega yalikuwa yamelegea, mikono haikushika kitu. Kile kilima kinachotushikisha magoti yeye alikuwa akikipanda na uso umetulia. Alipita karibu nami nikasikia pumzi yake, na haikuwa pumzi ya mtu anayefukuzwa. Hakunisalimu. Sidhani aliniona. Nikasimama pale mpaka akarudi, na akapanda tena, na akarudi. Nilibeba mizigo nusu ya maisha yangu nikidhani mwili ni punda. Asubuhi ile niliona mwili unaweza kuwa kitu kingine, na nilishukuru kwamba yule mwenye mwili ule ameitwa kwa jina langu.

Simu yake nikaishika mimi. Mjomba alikuwa wa kwanza.

"Hallo, mpwa wangu. Mbona sauti imezeeka?"

"Ni msongo," nikamwambia. "Ni mimi. Sema shida."

Akasema la chifu. Nikamwambia mpaka wake aliuhamisha mwenyewe, nilikuwepo, na kama anataka shahidi nitaenda kwa chifu kusema hivyo. Hajapiga tena. Walimu niliwaambia waje baada ya mashindano, wakaelewa. Binamu nilimwambia akimbie kutoka kwao hadi hapa niongee naye akifika. Bado namngoja. Yule mwanamke wa Kiambere nilimpigia mwenyewe. Alikuwa mtu wa maana, tukaongea kama wanawake kuhusu maji, nikamwambia mjukuu wangu ni mkimbiaji, si serikali, lakini ninajua kikundi cha akina mama wa huko waliojenga tangi. Nikamuunganisha nao. Alishangaa kwamba mtu amempigia.

Wageni wa lango niliwapokea kwangu, chai ilikuwepo, lakini mjukuu wangu hawakumwona. Wengine walisema nimekuwa mkali uzeeni. Ukali nilikuwa nao tangu zamani, wao ndio walikuwa hawajaufikia.

Siku ya tatu ya mambo hayo alilala mchana na mdomo wazi. Siku ya sita aliamka, akaweka vidole shingoni, akahesabu, akahesabu tena kama asiyeamini. Akaja jikoni akaomba njahi kwa hiari yake. Alipoondoka, nilimrudishia simu akakataa kuichukua. Alinunua nyingine ndogo yenye namba tatu tu, ya kocha, ya mama yake, na yangu. Kocha akampima, akaliacha jina lake lilipo. Zile ncha za nyuzi sijui zikoje. Daktari alisema hazipimwi leo na kesho, ni mambo ya miaka. Lakini ngozi ya uso nilikuwa nimeiona imerudi kuwa ya msichana.

Mashindano tuliyatazama nyumbani kwa mwanangu, alasiri. Walikuwa wanachukua watatu. Kengele ya raundi ya mwisho ilipolia alikuwa wa tano, na nyumba nzima ikaanza kupiga kelele. Mimi sikupiga. Niliangalia mabega. Yalikuwa yamelegea vilevile kama kwenye barabara yetu. Nikasema, "Hajabeba kitu." Akampita mmoja kwenye kona. Kwenye mstari wa mwisho akampita mwingine. Wa tatu. Mke wa mwanangu alinirukia akaniangusha kitini, na nilisahau kumgombeza.

Kabla hata jasho la mtoto halijakauka, simu ile kubwa ikaanza kulia mikononi mwangu. Kufikia jioni jirani yangu wa ng'ambo alikuwa ameshakuja na habari kamili: Jumamosi, siku atakayofika nyumbani kupumzika kabla ya kuingia kambi ya taifa, soko lote litampokea kwenye njia panda. Pikapu yenye spika imeshapatikana, hema limeshapatikana, watu watahutubu, na kila mwenye ombi ameshaambiwa ajipange. Wanangu walikuwa wanaangalia chini, lakini nilijua mmoja wao ndiye aliyewatajia siku.

Niliwaita wote jikoni, wakubwa na wadogo, nikasimama mlangoni asitoke mtu, nikawaambia:

"Jumamosi hatapita kwenye njia panda. Wewe mwanangu utamchukua Embu mjini, mpande na barabara ya nyuma, na usimwambie hata mkeo ni saa ngapi. Wenye hema wakae na hema lao, nitakwenda mimi nihutubiwe mpaka wachoke. Hapa nyumbani lango litafungwa. Maji ya kuoga yawe moto, chakula kiwe tayari, redio izimwe. Asiulizwe mbio zinazofuata ni lini. Asiambiwe 'usituangushe.' Atakayemwomba kitu, hata kama ni mimi, atoke alale nje na ng'ombe. Na mtoto akilala, aachwe alale mpaka aamke mwenyewe."